Ulimi wa Mzee Kijiko

Mzee Kijiko hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha chai, kwa sababu kijiko chake cha kuonjea hakikulala kabatini pamoja na vijiko vya wenzake. Kilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, kimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe ambacho mkewe alikifua kwa maji moto matupu, bila sabuni, ili kisinuke chochote. Kuna wanaoringia gari na kuna wanaoringia watoto. Yeye aliringia ulimi.

Tusimcheke bado, maana ulimi wenyewe ulikuwa wa kuringiwa kweli. Kila mzigo wa chai uliotoka kwenye tanuri la kukaushia ulipita mezani kwake kabla ya kutiwa kwenye magunia. Meza ilikuwa ndefu, ya vigae vyeupe, chini ya dirisha lisilopigwa na jua. Vikombe vidogo vyenye vifuniko vilipangwa juu yake, kila kimoja na majani ya mzigo wake, na mbele ya kila kikombe bakuli jeupe. Maji ya moto yakamiminwa, kengele ikalia, chai ikahamishiwa kwenye mabakuli. Hapo Mzee Kijiko alianza safari yake ya kutoka mwisho huu wa meza hadi ule, akivuta chai kwa sauti ya kupasua masikio, kwani chai ya kuonjwa hainywewi kwa adabu. Huvutwa pamoja na hewa mpaka ifike puani kwa ndani. Aliizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo ndefu, akatamka neno moja. Akisema "safi", mzigo unafungwa. Akisema "moshi", mzigo unawekwa kando na fundi wa tanuri anaitwa akatafute ufa. Tanuri lile lilikula kuni, na ufa mdogo tu ulitosha kupitisha moshi kwenye majani. Mnunuzi akishauonja moshi huo, hataki tena kukuona.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na masharti yake. Marashi marufuku, mafuta ya nywele marufuku, kitunguu kibichi usikisogelee. Msaidizi wake, mwanamke mtaratibu ambaye wote walimwita Kimya, aliwahi kurudishwa nyumbani akaoge tena. Meneja mwenyewe alitolewa nje siku moja kwa sababu ya dawa aliyojipaka baada ya kunyoa ndevu, na akatoka bila kubisha. Heshima ya namna hiyo humlewesha mtu.

Basi huyo mwenye masharti makali kwa wengine, kwake mwenyewe hakuwa na sharti hata moja. Jioni alivuta sigara nyuma ya ghala. Mchana hakula, akidai tumbo tupu hunoa ulimi. Usiku akala kwa fidia, sahani ya kupakuliwa mara mbili mbele ya televisheni, kisha akaangalia mpira mpaka macho yakawa mekundu. Asubuhi aliamka kama aliyepigwa, akabugia kahawa, akakimbilia kazini. Alikuwa amekula chumvi nyingi, umri ule ambao mwili huacha kusamehe, lakini nani angemwambia? Mganga hajigangi.

Ulimi ulianza kumtoroka kidogokidogo. Kwanza alipoteza ule utamu wa mbali unaokuja baada ya kutema. Kisha chai za mvua na chai za kiangazi zikaanza kufanana. Nyumbani aliongeza pilipili kwenye chakula, kijiko kikawa viwili, viwili vikawa chupa isiyoondoka mezani, na mkewe alipomtazama, yeye alisema tu kwamba siku hizi wapishi wamekuwa wavivu wa viungo. Maneno hayo yalimwangukia mkewe, maana mpishi wa nyumba ile alikuwa mmoja.

Kazini alibuni ujanja. Alimwacha Kimya aonje kwanza, kwa kisingizio cha kumfundisha, kisha akamtazama usoni. Kimya alikuwa mtu wa maneno machache, lakini uso wake haukujua kuficha. Akikutana na moshi, jicho la kushoto lilijikunja kidogo. Mzee Kijiko alisoma jicho lile, akaja nyuma yake na kijiko chake, akavuta kwa kishindo, akatangaza "moshi" kwa sauti nzito. Ujanja huo ulimsaidia kwa miezi. Siku Kimya alipougua mafua, hapakuwa na jicho la kusoma, na mzigo mzima wenye moshi ukapita.

Mzigo ule ulirudishwa. Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimweleza kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Mzee Kijiko kuliko ukali. Mnunuzi mkubwa alikuwa anakuja mwenyewe mwanzo wa msimu, na angependa kumwona mwonjaji akifanya kazi. Vikombe vingepangwa bila alama, na Kimya asingekuwepo chumbani.

"Mzee, mimi nakuheshimu," meneja alisema. "Lakini ukikosea mbele yake, kiti nitampa Kimya. Na nyumba inafuata kiti, unajua hilo."

Alijua. Nyumba ile ya kampuni, yenye vyumba vitatu na ua wa nyuma, ndimo walimolelea watoto mpaka wakaoa na kuolewa. Alitoka ofisini akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala, akawasha sigara, akaivuta bila kuisikia ladha yake. Ndipo alipoogopa kwelikweli.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Alikwenda hospitali kimyakimya, wakampima damu, wakamwangalia pua na koo, wakasema hakuna ugonjwa wanaouona. Aache sigara, alale, ale kwa wakati, arudi baadaye. Aliona wamemwambia maneno ya bure, kwa kuwa alikuwa anataka sindano.

Aliyemfumbua macho ni dada yake mkubwa, ambaye alikuja kuwatembelea na hakuwahi kujifunza kuuma maneno. Walikaa mezani, mke akapakua, dada akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasimama kwenda jikoni. Alirudi na kopo la chumvi.

"Dada, unatutia aibu," Mzee Kijiko alisema. "Mimi ndiye mwonjaji, na nasema chakula hiki kimekolea. Ulimi wako umezeeka."

Dada alimtazama yeye, akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa ameinamia sahani. Akanyunyiza chumvi yake. Lakini alipokuwa anasindikizwa alimshika mdogo wake mkono, akamwambia kwamba mtu anayemwaga pilipili kama anazima moto ana jambo analoficha, na mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye mwenyewe alikuwa ametibiwa viungo na tabibu mmoja wa Ayurveda, ile elimu ya kale ya Kihindi ya kuupangia mwili siku yake. Alimwelekeza chumba kilipo, juu ya duka la vitabu.

Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mikono isiyo na haraka. Hakumpa dawa. Alimwambia atoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu, na Mzee Kijiko, ambaye maisha yake yote ulimi wake ulikuwa ukitoa hukumu, alijisikia vibaya kuhukumiwa. Ulikuwa na utando mweupe mzito tangu katikati hadi nyuma. Tabibu aliuliza anakula saa ngapi, analala saa ngapi, anakula na nani. La mwisho lilimshangaza, akajibu kwamba anakula na televisheni.

"Ulimi ni baraza la tumbo," tabibu alimwambia. "Uchafu ukijaa barazani, usililaumu baraza. Nenda ndani."

Akamfafanulia. Watu wa kale walisema mwili una tabia tatu, ya upepo, ya moto, na ile nzito ya maji na udongo, na kila mtu huzaliwa na kipimo chake. Yeye alikuwa mtu wa moto, ndiyo maana alikuwa mwepesi wa hasira na mkali wa kuonja. Lakini moto wa tumbo hufuata jua. Jua likiwa utosini, tumbo lina nguvu ya kusaga chochote, na jua likizama nalo lapoa. "Wewe mchana unalinyima, usiku unalirundikia kuni mbichi," alisema. "Halafu unashangaa moshi."

Mfano huo ulimwingia, maana matanuri aliyajua. Tabibu akampangia siku. Aamke kabla ya jua. Akwarue ulimi taratibu kwa kikwaruzo cha shaba, anywe maji ya uvuguvugu, atembee kidogo. Chakula kikubwa kiwe cha mchana. Jioni ale chepesi kabla ya giza, ajipake mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, aoge, alale mapema. Sigara basi, pilipili basi. Na asiache kurudi hospitali walikomwambia arudi. Alipokuwa mlangoni tabibu alimwongezea sharti moja, kwamba asile na televisheni, ale na mtu, amtazame.

Sasa, katika yote hayo, nadhani mnajua Mzee Kijiko alichukua nini. Alichukua kikwaruzo. Kilikuwa chombo, kilikuwa kinang'aa, kilifanana na kijiko. Hayo mengine aliyaona ni mambo ya wastaafu, na yeye siku zilikuwa zinamkimbia. Alfajiri iliyofuata alisimama mbele ya kioo cha bafuni akaukwarua ulimi wake kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Alirudia baada ya chai ya asubuhi. Akarudia tena chooni kiwandani, kabla ya kuingia kwenye chumba cha kuonjea. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye hofu hasikii methali.

Haukupita muda, kitu kikarudi. Alivuta chai ya kwanza na mwili ukamsisimka, maana aliisikia ladha, ladha kali, ya wazi. Ilikuwa ladha ya chuma. Alionja bakuli la pili, chuma. La tatu, chuma. Alitangaza kwa sauti ambayo chumba hakikuwa kimeisikia kwa muda mrefu kwamba mashine za kusagia majani zimekatika mahali na chuma kimeingia kwenye chai yote.

Kiwanda kilisimama. Mafundi walivua mashaka pamoja na mashati, wakafungua mashine moja baada ya nyingine, wakapitisha sumaku kwenye majani, wakapangusa kila jino la chuma. Meneja alizunguka akiwa ameshika kiuno. Hakuna kilichoonekana. Mzee Kijiko alisimama mezani kwake akionja na kurudia, kila mara kikiwa chuma, na moyo unamdunda kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake. Kimya alionja, akaonja tena. Kisha akainama kuisogeza ndoo ya kutemea, akatulia.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo utazame."

Ndani ya ndoo, juu ya chai, palikuwa na nyuzinyuzi nyekundu. Mzee Kijiko alizitazama, akajilamba mdomo, na akaelewa. Alikuwa anaonja damu yake mwenyewe.  Kimya aliinyanyua ndoo akaenda kuimwaga, akaisuuza, akairudisha mahali pake kabla meneja hajafika mlangoni. Mzee Kijiko alimwambia meneja kwamba amekosea, mashine zifungwe. Ni maneno ambayo hakuwahi kuyatamka ndani ya chumba kile, na mafundi walioyasikia walitazamana. Meneja alisema tu kwamba mnunuzi amethibitisha siku ya kuja.

Alirudi kwa tabibu na ulimi umevimba, akizungumza kwa kithembe. Mama yule hakumcheka, ingawa kona ya mdomo ilimcheza. Alikiweka kikwaruzo kwenye droo yake, akafunga. Alimwambia ulimi upumzike, na kwamba mtu akinunua ufagio hajafagia nyumba. Afuate siku nzima kama ilivyopangwa, au asije tena.

Jioni hiyo ilibidi amwambie mkewe. Hakusema yote. Alisema ana tatizo la tumbo, ametakiwa abadilishe mpango wa siku, na akamsomea mpango wenyewe. Mkewe alisikiliza huku anakunja nguo. Alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, kazi ya kukaa tangu asubuhi hadi jioni na mguu juu ya pedali.

"Chakula kikubwa cha mchana utakipata wapi, baba watoto? Kwenye kantini yenu ya mafuta?"

"Nilifikiri ungenifungia."

"Haya," alisema. "Nitakufungia."

Neno "haya" ni fupi, na wanaume wengi hawajui urefu wake. Kufunga chakula cha mchana kulimaanisha kupika alfajiri. Kuamka kabla ya jua kwa Mzee Kijiko kulimaanisha mkewe aamke kabla yake, ili maji ya uvuguvugu yawe tayari na moto uwe umekolea. Kula kabla ya giza kulimaanisha mkewe atoke karakana mbio, asipite popote, aingie jikoni na viatu vyake. Kisha mafuta ya ufuta, ambayo alimpashia kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji moto, akampaka mgongoni asikofikia, na akampa unga wa choroko wa kujisugulia bafuni ili kesho asiingie kwenye chumba cha kuonjea ananuka ufuta. Yeye Mzee Kijiko alilala mapema kama alivyoagizwa. Jikoni vyombo vilikuwa bado vinagongana.

Mwanzoni mwili ulimgomea. Bila sigara mikono haikujua pa kukaa. Bila televisheni, muda wa kula ulikuwa mrefu, na kumtazama mkewe akitafuna kulimpa haya, kama wachumba. Lakini alishika mpango kwa woga, na woga ni msimamizi mzuri. Mchana alifungua kopo lake la chakula kwenye benchi la ua wa kiwanda, akala polepole huku Kimya akimchungulia kwa mbali. Usingizi ukaanza kumjia kabla hajauita. Asubuhi moja aliamka hasikii uzito, akafikiri ni mgonjwa, kumbe ni mzima.

Na mkewe? Mara moja, alipomaliza kumpaka mafuta, alisimama, akashika ukuta, akakaa hivyo kidogo macho yamefumbwa. Mzee Kijiko alimuuliza vipi. Akajibu ni cherehani, mgongo umechoka. Mara nyingine alimkuta anameza kidonge, akasema kichwa. Mzee Kijiko alisema tumezeeka, mama watoto, akageuka kulala. Hakuwa mtu mbaya. Hofu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikubakiza nafasi ya hofu nyingine.

Kazini hakusoma tena jicho la Kimya. Aliugeuzia uso wake mgongo na kuonja kwanza, akakosea, akaonja tena. Kimya alimrekebisha kwa kutikisa kichwa tu. Utando wa ulimi ulipungua. Siku moja, baada ya kutema, ule utamu wa mbali ukapita kooni na kupotea kabla hajaushika. Alisimama na kijiko hewani, asithubutu kumwambia mtu. Siku iliyofuata aliutafuta asiupate, na usiku huo usingizi haukuja mapema.

Siku ya mnunuzi ilifika ikamkuta hajui ana ulimi au hana. Mkewe alimfulia kitambaa, akakikausha, akaviringisha kijiko ndani yake na kumtia mfukoni mwenyewe. Akampiga kidogo pale juu ya mfuko. Mzee Kijiko alihisi kama mkewe anajua, kisha akajiambia hawezi kujua.

Mnunuzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kijiko chake mwenyewe. Alimsalimu kwa heshima, akavua saa yake akaiweka mezani, akasema yuko tayari. Meneja alisimama ukutani. Kiti cha Kimya kilikuwa kitupu. Vikombe vilipangwa kuziba meza nzima, bila karatasi, bila alama, na kengele ilipolia Mzee Kijiko alikitoa kijiko kitambaani, akaanza.  

Bakuli la kwanza lilikuwa rahisi. La pili lilimpa wasiwasi, akalipitisha. Alipofika katikati ya meza, alivuta, akazungusha, akatema, akabaki hana uhakika. Palikuwa na kitu. Kilikuwa chembamba sana, nyuma kabisa ya ladha. Kilikuwa moshi wa tanuri, au moshi wa sigara zake za zamani uliobaki kwenye kumbukumbu? Kwa mazoea aligeuka kutafuta jicho la Kimya, akakutana na kiti kitupu. Meneja alikohoa.  Aliomba maji ya uvuguvugu, akasukutua, akafumba macho na kusubiri mdomo uwe mtupu, kwa utulivu aliojifunza kwenye benchi la ua. Akaonja tena.

"Moshi," alisema. "Mdogo. Ufa ndio kwanza umeanza."

 Aliendelea hadi mwisho wa meza, akasimama, akarudi nyuma, akaonja bakuli moja upya. "Hii na ile ya kwanza ni chai moja," alisema. "Mmenijaribu mara mbili." Mnunuzi aliivaa saa yake. Akamwambia meneja kwamba ameona alichokuja kuona, na angependa kujua tanuri litazibwa lini.

Meneja alimshika bega kwa nguvu. Kimya alikuwa amesimama nje ya mlango, na alipomwona anatoka na kijiko mkononi, alicheka kwa sauti. Watu wa kiwanda waliosikia kicheko hicho walidhani ni mtu mwingine.

Mzee Kijiko alikwenda nyumbani kwa miguu akiwa mwepesi. Jua lilikuwa bado halijazama na chakula kilikuwa mezani, mboga, wali kidogo na kitoweo cha kuku, maana mkewe kwa namna fulani alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema. Alimweleza yote, kwa mara ya kwanza, tangu ulimi ulipoanza kumtoroka mpaka nyumba iliyokuwa hatarini. Alitegemea ashangae. Mkewe alisikiliza, akanawa mikono, akasema Mungu mkubwa, akaketi mbele yake.

Mzee Kijiko alichota tonge, akalitia mdomoni. Hapakuwa na pilipili wala televisheni. Alitafuna huku akimtazama mkewe kama alivyoagizwa, na taya zikapunguza mwendo. Alionja mboga, kisha kitoweo.

"Mama watoto," alisema, akitabasamu. "Furaha imekupoteza. Leo umesahau chumvi."

Mkewe aliweka tonge lake chini.

"Sijasahau."

"Hakina chumvi hata chembe. Niamini, leo ulimi ninao."

"Najua hakina. Hakijawa na chumvi tangu mwaka jana." Aliyasema hayo kwa utulivu, akijipangusa vidole kimoja kimoja. "Nina presha. Hospitali walinikataza chumvi, nikaona nisipike vyungu viwili, ukilalamika nitakueleza. Siku ile ya kwanza ulikula ukaramba vidole, ukanisifu. Nikajua ulimi wako umeondoka."

 Mawazoni Mzee Kijiko alimwona dada yake akirudi kutoka jikoni na kopo la chumvi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema chakula kimekolea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ipi? Ningesema ya kwangu, ningekuwa nimesema na ya kwako, na wewe hukutaka ijulikane. Nikasema nitangoja. Siku utakapouliza chumvi iko wapi, utakuwa umepona, nami nitasema." Alijaribu kucheka. "Umechelewa sana kuuliza, baba watoto. Kuna jioni nilidhani hutauliza."

Mzee Kijiko akamuuliza kwa sauti ndogo hospitali walisema nini zaidi. Mkewe aliinuka, akaleta vidonge vyake kutoka nyuma ya mkebe wa unga, akaviweka mezani kati yao. Walisema asikimbiekimbie, alisema. Asibebe mzito. Na alale vya kutosha, alfajiri asiamke mapema sana.

Kwenye meza ya jikoni, nyuma ya mkewe, maharagwe ya kesho yalikuwa yamekwisha kulowekwa, na kopo la chakula la Mzee Kijiko lilikuwa limeoshwa, limefunguliwa, linangoja kujazwa. Mzee Kijiko aliliona. Kisha akaivuta sahani yake karibu, akala chakula chote kile kisicho na chumvi, polepole, tonge kwa tonge, na machozi yalipomfika mdomoni aliyasikia kwamba yana chumvi. Alipomaliza alimuuliza mkewe maharagwe huchukua muda gani kuiva, maana kesho angeyapika yeye.